Malaria ya Agosti

Kabla ya kumjua Bogere ni lazima umjue mpangaji wake. Mpangaji huyo alikuwa buibui, tena si hawa wa darini wanaokimbia ukipiga chafya. Alikuwa buibui wa shimoni, jike, rangi ya kutu, manyoya yake laini kama mahameli, mkubwa kama sahani ya kikombe. Wengine pale Walukuba, mtaa wetu wa Jinja, Uganda, wanasema alikuwa kama sahani ya wali, nami siwabishii, kwa sababu wao walimwona wakiwa wanakimbia na mimi nilimwona nikiwa nimekaa. Jogoo wa jirani alipeleka mdomo shimoni siku moja kwa umbea wake. Tangu siku hiyo hakuwika tena. Alikuwa anakohoa tu.

Shimo lenyewe lilikuwa nyuma ya nyumba ya Bogere, chini ya ukuta wa jiko, mahali penye udongo mwekundu mgumu ambapo maji ya mvua hayatuami. Ukitumbukiza mkono mzima hufiki mwisho, kwani lilishuka wima kisha likakata kona, kama mtu aliyebadili mawazo njiani. Ndani kulitandazwa utando mweupe kama shuka la maharusi, na mdomoni pake kulikuwa na pindo la utando na vijiti. Jua likianza kuzama, buibui alikuja mlangoni akaweka vidole vyake juu ya lile pindo. Hana masikio, lakini anasikia kwa miguu. Mende akipita, amejua. Mtu akipita, amejua, na amerudi ndani kabla hujasema lolote. Wakati wa kiangazi alijifungia kwa udongo na utando, akabadilisha ngozi huko huko ndani, na alipofungua mlango tena aliitupa nje ile ngozi kuukuu, yote na miguu yake, kama gauni lililochakaa.

Na hatoki. Hilo ndilo jambo lenyewe. Jike hutoboa shimo lake akiwa mdogo kama chawa, akalipanua kadiri anavyokua, akazeeka humo humo. Dume ndiye anayetoka. Siku ikifika miguu yake inamwasha, mvua inanyesha, anaacha shimo lake na kwenda kutafuta jike, na harudi tena. Akimwepuka kuku, atakutana na mtoto mwenye fimbo. Akiiepuka fimbo, jike mwenyewe atamla.

Bogere alimpenda sana buibui yule. Kiwanda cha nguo kilipofunga milango na wanaume wote wa Walukuba wakabaki wanahesabu vidole vyao, yeye alikaa juu ya tofali nyuma ya jiko akimtazama.

"Angalia, jaja," aliniambia. Mimi nilikaa mlango wa pili, na pale kila mtu aliniita jaja, bibi. "Mtu ana nyumba yake, hana ugomvi na mtu, hana safari. Nani kama yeye?"

"Hana mume pia," nikamwambia. "Na mwenye nyumba hamdai."

Alicheka. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye ndevu zisizojua wembe. Kisu hakukishika kabisa. Mkewe, Namukose, ndiye aliyemenya viazi, ndiye aliyekata kamba, ndiye aliyechinja kuku huku mumewe amesimama mbali kama mgeni. Watu walimtania: "Pale kwa Namukose wanaume ni wangapi? Mmoja, naye ni Namukose!" Wakati ule kiwanda kikifanya kazi, msumari ulimkwaruza Bogere mkono, mkwaruzo mdogo wa kitoto, na damu ilitoka kutwa nzima hadi shati likawa gumu kama bati. Wakasema ana damu nyepesi. Wakasahau.

Mimi sikusahau, kwa sababu nilikuwa na jambo jingine la kuweka karibu na hilo.

Mimi ni Mgisu wa Mbale, mume wangu ndiye aliyenileta Jinja akafa akaniacha. Sisi Wagisu tuna imbalu, tohara yetu, inayokuja mwaka mmoja na kupumzika mwaka mmoja. Ikifika Agosti ya mwaka wake hata Walukuba ngoma zinalia, vijana wamejipaka unga, njuga mapajani, wanacheza barabarani kuwaambia jamaa zao kwamba wako tayari kusimama mbele ya kisu bila kupepesa jicho. Mgisu asiyesimama si mwanamume, hata akiwa na mvi. Wakimgundua, watamkamata sokoni, watamtoa kanisani, watamshusha juu ya baiskeli.

Basi Bogere, aliyesema yeye ni Msoga, kabila la wenyeji wa Jinja, wa upande wa Kamuli, aliugua malaria kila Agosti ya imbalu. Siyo Agosti za kupumzika. Zile za ngoma tu. Alijifunika blanketi kichwani, Namukose akamchemshia majani, na ngoma zikinyamaza, homa inashuka. Mimi sikusoma, lakini malaria inayojua kalenda sikuwahi kuiona kwa mtu mwingine.

Mwaka mmoja nilimpelekea uji. Alikuwa amelala kweli, si kwa hila, na nilipomgusa bega alishtuka akasema, "Kukhu?"

Kukhu ni bibi, kwa Kigisu. Msoga angesema jaja.

Tulitazamana. Nikaweka uji chini. "Unywe ukiwa moto," nikasema kwa Kisoga, na nikaenda zangu. Kesho yake alinifuata nikianua nguo akaniambia yote kwa sauti ya chini. Jina lake lilikuwa Wamboga. Kaka yake alisimama imbalu vizuri, hakutikisika, watu wakashangilia, na damu ikakataa kusimama. Walimfunga, walimwekea majani, na akaisha kidogo kidogo mbele ya macho yao. Mjomba wao naye alikufa hivyo hivyo. Mama yao alipoona mwaka wa Wamboga unakaribia alimwamsha alfajiri akamwambia, "Nenda mahali wasipojua jina lako. Wakikuita mwoga, afadhali mwoga."

"Na wewe ni mwoga?" nikamuuliza, maana mdomo wangu hauna mlango.

"Kukhu, mimi naogopa hata uma."

Sikumwambia mtu. Hata Namukose hakujua. Yeye aliolewa na Msoga ambaye hakukatwa, kama Wasoga wengi, na hakuwa na sababu ya kuuliza.

Sasa aingie Joash. Huyu alikuwa Mkenya wa kupita na pikapu, mtu wa maneno matamu na kofia ya manyoya, aliyenunua vinyonga, nyoka na buibui na kuwapeleka Nairobi kwa wazungu wanaofuga vitu hivyo ndani ya vioo. Nilimuuliza wanawafuga kwa nini, kama wanataga. Akasema wanawatazama tu. Nikamwambia basi hao wazungu na Bogere ni ndugu.

Bogere alipata kazi kwake. Hakuna aliyejua kumtoa buibui shimoni kama yeye. Wengine walichimba kwa jembe wakamkata vipande. Bogere alichukua jani refu la nyasi, akaliingiza polepole akilizungusha kama mtu anayekoroga chai ya mgonjwa, mpaka buibui akakasirika akalishika kwa meno. Hapo alimvuta taratibu, na buibui kwa hasira akafuata jani hadi nje, akasimama kwa miguu ya nyuma, akisugua miguu ya mbele kwa sauti ya mafuta yanayokaangwa. Kopo likamfunika. Alizunguka hivyo Mpumudde na vijiji vyote vya karibu, na kwa Namukose sufuria ikarudi jikoni.

Lakini alipata madume na wadogo tu. Joash alitaka jike mmoja mkubwa, mzee. Alikuwa na mzungu wake aliyemsubiri huyo tu.

"Bwana Bogere," alimwambia mwaka ule wa 1994, sote tumekaa nje mbele ya nyumba, "hapa Walukuba hakuna? Udongo wenyewe naupenda."

Bogere alimjibu kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, bila kugeuza shingo. "Hapa hapana. Hapa iko mende tu."

Namukose alinitazama, nikatazama kuku. Shimo lilikuwa nyuma ya ukuta tu, unaweza kulitemea mate.

"Basi twende Mbale," Joash akasema. "Nimeambiwa nje ya mji, ukishapita Nabuyonga, kuna mashimo ya zamani ya matofali. Wakubwa wako huko. Kesho."

Ilikuwa Agosti. Ilikuwa mwaka wa ngoma.

"Mimi hapana enda Mbale," Bogere akasema.

"Kwa nini?"

"Mimi naumwa. Malaria."

Joash alimshika paji la uso. "Uko baridi kama chura! Ama unaogopa kisu? Wewe ni Msoga, bwana, Wagisu hawana haja na wewe. Wanatafutana wenyewe kwa wenyewe. Mimi kwetu nilishamaliza yangu zamani, wewe kwenu hakuna. Msoga anaogopa nini Mbale?"

Hapo ndipo mtego ulipofunga, na aliyeutega ni yeye mwenyewe. Akisema naogopa, amejitaja. Joash alikuwa mtu wa kucheka kila kitu kwa sauti kubwa, na majirani Wagisu walikuwa wanapita.

"Usipotaka nitamchukua mwingine," Joash akasema akiinuka. "Sina ugomvi."

Namukose alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa mkononi. Yeye hakujua lolote. Alimwona mumewe anakataa kazi ya pekee waliyokuwa nayo. "Taata," akamwambia, yaani baba, kama wake wa Kisoga wanavyowaita waume zao, "kwani Mbale kuna simba?"

Bogere alizunguka nyuma ya jiko, nikamfuata. Buibui alikuwa mlangoni kwake, vidole nje.

"Mpe huyu," nikanong'ona. "Jani moja tu, na safari imekwisha. Huyu ndiye anayetakiwa."

Alitikisa kichwa. "Kukhu, niliwahi kumwambia huyu mwenyewe, akitolewa hapa na mimi nitatolewa. Nilisema kwa mdomo wangu."

"Ulisema kwa mzaha!"

"Yeye hajui mzaha." Akamtazama muda mrefu. "Nitaenda kumtafuta mwingine. Nitafunga mdomo. Nikifunga mdomo mimi ni Msoga."

Asubuhi alipanda pikapu. Ndevu zake zilimficha mashavu, na kofia ya Joash aliyoiazima ikamkaa masikioni. Hata mimi ningempita barabarani.

Yaliyofuata alitueleza Joash mwenyewe, magharibi ya siku ile, amekaa chini kwenye mlango wa Namukose, na kofia hana.

Walipata shimo zuri kwenye ukingo wa matofali ya zamani, mlima Wanale umesimama nyuma yao. Bogere alilala kifudifudi, akaingiza jani. Jike akalishika. Joash anasema alikuwa mkubwa kama kikapu, na mimi nasema Joash naye anaongeza, lakini alikuwa mkubwa. Bogere alianza kuvuta. Wakati ule kundi la imbalu likatokea njiani, filimbi, ngoma, miguu mamia inatwanga ardhi pamoja. Bogere hakuinua kichwa. Alifunga mdomo kama alivyoniahidi.

Lakini nilikwambia buibui husikia kwa miguu. Ngoma zile zilikuwa zinaingia shimoni mwake kama nyumba inabomoka. Hakuvutwa tena na jani, aliruka. Akamshika Bogere katikati ya kidole gumba na cha shahada, akazamisha meno yote mawili.

Na Bogere akalia: "Mayi! Mayi!"

Mama! Mama! Kwa Kigisu. Mtu anaweza kubadilisha jina, kijiji na chakula, akajifunza kuota kwa lugha ya mkewe. Maumivu yakija bila hodi, anamwita mama yule yule.

Ngoma zikanyamaza.

"Mwacheni huyo, ni Msoga!" Joash akapiga kelele. "Ni mtu wangu wa kazi!"

"Msoga wa mayi?" mwanamke mmoja akauliza, na watu wote wakaangua kicheko.

Mzee mmoja akapenya mbele, akamvua ile kofia, akazishika ndevu akamgeuza uso huku na huku kama anayenunua mbuzi. Huyo alikuwa Nicanor, mdogo wa baba yake. "Mtoto wa Erisa," akasema taratibu. "Wamboga. Baba yako amekufa akiwaona wenzake wanamzomea kwa ajili yako."

Bogere alimwonyesha mkono. Damu ilikuwa inashuka kutoka kwenye yale matundu mawili hadi kwenye kiwiko. "Baba, damu yangu haisimami. Ni kama ya kaka. Tazama."

"Wote huwa na kitu," mtu akasema nyuma. "Aliyepita alisema ana ugonjwa wa moyo."

"Na yule wa Nabuyonga alikuwa ameokoka!"

Kicheko tena. Nicanor hakucheka. Alikuwa analia kwa furaha, mtoto aliyepotea amerudi. Yule kaka wa Bogere, akasema, alirogwa, mwaka ule ulikuwa mbaya. Mwaka huu ni mzuri.

Joash akasukumwa pembeni. Aliona wakimpaka Bogere unga kichwani. Anasema Bogere alitazama nyuma mara moja, akasema, "Mfunike, atakimbia." Akimaanisha buibui. Joash akamfunika kwa kopo, kwa sababu hakujua la kufanya na mikono yake.

Namukose alisikiliza yote bila kukaa. "Wamboga ni nani?" akauliza.

Alfajiri tulipanda pikapu.

Tulimkuta uani kwa Nicanor, amekalishwa kwenye kigoda, kitenge kipya kiunoni. Walitupokea kwa vigelegele. Walituambia alisimama kama mwamba, hakupepesa, wazee walisema hawajaona mtu mzima aliyesimama hivyo. Yeye aliyeogopa uma. Lakini kitenge kilikuwa kimelowa, na chini ya kigoda walikuwa wamemwaga mchanga juu ya mchanga. Nicanor alikuwa amepiga magoti akibadilisha majani. Hakuwa analia kwa furaha tena.

"Itasimama," alikuwa anasema. "Itasimama sasa hivi."

Wajua watu husema utando wa buibui huzuia damu. Nilienda na panga kwenye ule ukingo wa matofali, nikachana midomo ya mashimo, nikakusanya utando hadi nguo yangu ikawa nyeupe. Ungeweza kushona shuka. Tulimwekea wote. Ukawa mwekundu, halafu ukaondoka na damu kama karatasi mtoni.

Namukose alikaa chini mbele yake. "Jina lako nani?" akamuuliza.

"Wamboga."

"Miaka yote nakupikia viazi, na wewe ni mtu wa malewa?"

Malewa ni machipukizi ya mianzi, chakula chetu cha mlimani. Bogere alitabasamu, midomo yake haina rangi. "Viazi vyako nilivipenda."

"Mwongo. Ulikuwa unavila kwa adabu." Akaweka paji la uso kwenye goti lake. "Ungeniambia. Mimi ningesema ni mimi niliyekukataza Mbale. Ningekufungia ndani. Ningekwambia unaumwa."

"Ulikuwa unaniambia," akasema. "Kila Agosti ulinichemshia majani."

Tulimpakia kwenye pikapu kumpeleka hospitali. Joash aliendesha, Nicanor akashika miguu, Namukose kichwa, mimi nikashika lile kopo la buibui kwa sababu lilikuwa linagongagonga. Mji ulikuwa umejaa ngoma, barabara imefungwa na watu wanaocheza. Kila walipoona unga kichwani mwake walishangilia, wakapunga matawi, hawakutupisha upesi. Alinitazama. "Kukhu," akasema kwa sauti, mbele ya watu wote, kwa mara ya kwanza. Kisha hakusema kitu kingine.

Alizikwa kwao kama mwanamume, kwa heshima zote. Walimsifu sana.

Mvua za mwisho wa mwaka zilipokuja Joash alirudi Walukuba kutusalimia. Yule buibui wa Mbale alikuwa amemfia njiani, ndani ya kopo. Aliuliza hali. Namukose alimshika mkono akampeleka nyuma ya jiko, akamwonyesha.

Buibui alikuwa mlangoni, vidole nje, rangi ya kutu, mkubwa, mzee.

Joash aliinama. "Alikuwepo hapa?"

"Alikuwepo."

"Wakati wote? Nilipouliza?"

"Nyuma ya ukuta," Namukose akasema. "Mchukue."

"Mama, siwezi."

"Mchukue, au nimchemshie maji."

Joash hakuwa na mkono wa Bogere. Alivunja majani kadhaa, akatokwa jasho, mwishowe ikabidi achimbe. Alimtoa mzima, miguu yote. Shimoni chini kulibaki mabawa ya mende na mifupa ya jogoo, ingawa jogoo mwenyewe bado alikuwa anakohoa uani. Namukose alisukuma udongo kwa mguu wake, akakanyaga, akakanyaga, mpaka pakawa sawa na uwanja wote.

Agosti ya 1996 ngoma zilianza tena Walukuba. Nilisikia njuga zikipita, nikamwangalia Namukose kama yuko nje. Hakuwepo. Nilimkuta chumbani mchana, amejifunika lile blanketi la zamani hadi kichwani.

"Una nini?" nikamuuliza.

"Malaria," akasema.

Nikamgusa paji la uso. Lilikuwa baridi. Nikaenda jikoni kumchemshia majani.